Sauti ya Tatu ya Mbweha

Mimi nilikuwa mpishi wa chekechea ya mji wetu mdogo wa Shiban kwa miaka thelathini na mmoja, na nasema mapema kwamba mizimu siiamini. Naamini moto, chumvi na pilipili. Lakini nimeishi karibu na Mwalimu Ruan Cuizhen, na niliyoyaona kwake sina pa kuyaweka, kwa hiyo nayasema kama yalivyokuwa. Anayetaka kucheka acheke, ila asinichekee usoni.

Alikuja kwetu akiwa na miaka ishirini na miwili, mwembamba, viatu vyake vya kitambaa vimelowa chapachapa, maana njia ya Shiban inafuata mto, na mto wetu hauna adabu. Siku ile ya kwanza nilimdharau. Nikamwambia, "Mwalimu, watoto wa hapa watakutafuna wewe kabla hawajautafuna wali wangu." Akatabasamu tu, akaingia darasani. Punde nikasikia jogoo, maksai, chura na bibi kizee mwenye meno mawili wakigombana ndani ya chumba kimoja. Nikaacha kabichi ikaungua. Nilipochungulia dirishani nikamkuta yeye peke yake kwenye kigoda, na watoto ishirini midomo wazi.

Alikuwa na kipaji ambacho sijakiona tena kwa mtu. Hakuiga wanyama tu, aliiga watu. Ukimpa dakika mbili na mtu, alimchukulia sauti yake nzima, kikohozi chake, na namna anavyovuta pumzi kabla ya kusema uongo. Siku moja aliniiga nikigombana na muuza tofu, na mkuu wa shule akageuka kunitafuta mlangoni, nami nimesimama nyuma yake.

Hadithi nyingi alizitunga mwenyewe. Kulikuwa na kunguru aliyehesabu manyoya machafu ya wenzake mpaka akasahau kuruka. Kulikuwa na maksai aliyepita katikati ya mashamba mawili na hakuonja hata jani, ingawa wenye mashamba wote walikuwa wamelala. Mtoto wa Shiban akiiba yai, bibi yake hakumtishia polisi. Alimwambia, "Yule maksai wa Mwalimu Ruan atakuonaje?" Na mtoto analirudisha yai, huku analia. Nimeliona kwa macho yangu, na yai lenyewe lilikuwa la jikoni kwangu.

Miaka hiyo wazazi walikuwa wameanza kutawanyika. Wababa walishuka kusini kwenye viwanda, wamama walishinda sokoni ng'ambo ya mto, na watoto wakabaki majumbani, komeo limeshushwa kwa ndani, na mama pekee ana ufunguo wa kulinyanyua kutoka nje. Kisha katika mji wa jirani mtoto akaibwa. Aliyemwiba alibisha hodi, akamwita kwa jina, na mtoto akafungua. Wamama wakaja shuleni kwa kundi. Mmoja akasema, "Mwalimu, sisi tukisema wanatutazama kama ukuta. Wewe wanakusikia. Wafundishe wasifungue mlango."

Ndipo akatunga hadithi ya kifaranga na mbweha. Kuku anakwenda sokoni, kifaranga anabaki peke yake, na mbweha anakuja mlangoni mara tatu. Mara ya kwanza anakuja na sauti yake mwenyewe, nzito na ya kukwaruza. Mara ya pili anakuja na sauti ya shangazi, tamu, yenye peremende ndani yake. Kila mara watoto walimjibu kwa pamoja, kwa wimbo aliowafundisha:

Mama ana ufunguo wake,
hapigi hodi kwake.
Anayebisha simjui,
mlango mimi sifungui.

Mara ya tatu Mwalimu Ruan alinyamaza kwanza. Akalaza nywele zake, akawatazama, akasema kwa sauti yake mwenyewe, ile ile ya kuwaitia chakula: "Wanangu, fungueni. Ni mimi, mwalimu wenu." Siku ya kwanza watoto wote waliinuka kwenda kufungua. Hapo akaonyesha meno. Walipiga kelele mpaka nikaangusha upawa. Baada ya siku ile hakuna aliyeinuka tena. Waliitikia wimbo huku wanacheka, wanajivuna, kwamba mbweha hawezi kuwapata hata akijifanya mwalimu.

Nilimwambia, "Mwalimu, umezidisha. Wataota vibaya."

"Dada Qin, mwizi wa watoto haji na sauti ya mwizi. Anakuja na ile wanayoipenda. Kikulacho ki nguoni mwako."

Nisijisingizie ujuzi, sikuona hatari yoyote mbele. Aliyeiona ni mtoto.

Mtoto huyo tulimwita Maodou, yaani soya changa, kwa sababu alizaliwa msimu wa soya, mdogo, wa mviringo. Alikuwa binti wa Peng Yulian, muuza machipukizi ya mianzi, na nyumba yao ilikuwa Mtaa wa Chini, karibu kabisa na maji. Miaka mitano na nusu, na hakuna hadithi aliyoimeza bila kuitafuna. Aliwahi kuuliza kwa nini mbweha ni mbaya ilhali na yeye ana njaa. Siku moja, hadithi ya mbweha ilipokwisha, akanyoosha mkono. "Mwalimu, na kama ni wewe kweli?"

Wenzake wakamcheka. Mwalimu Ruan hakucheka. Alifikiri, kisha akasema, "Swali zuri. Mtu wako wa kweli hana haraka. Atakaa pale mlangoni mpaka mama arudi. Mbweha ndiye anayechoka. Ukisikia ameondoka, ujue alikuwa mbweha."

Maodou akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Wakaguzi wa elimu walipokuja wakaisifu hadithi ile, wakampa Mwalimu chupa ya chai yenye maua mekundu.

Mafuriko yalikuja mwaka wa Nguruwe kwa kalenda yetu ya kale, mwezi wa sita, saa nne asubuhi. Mvua ilikuwa na siku nne haijakata. Mtu akapita na baiskeli anagonga debe, kwamba kingo za juu zimepasuka, kila mtu apande kwenye ukumbi wa mlimani. Siku ile walikuja watoto kumi na mmoja tu. Tukawashikisha ile kamba ya matembezi, yenye vitanzi, kila mtoto na kitanzi chake, mimi mbele, Mwalimu nyuma. Tulipofika kwenye ngazi za Mtaa wa Chini maji yalikuwa magotini mwangu na mapajani mwa watoto.

Mwalimu akasema, "Maodou yuko nyumbani. Ana kikohozi. Yulian yuko ng'ambo na daraja limefungwa."

Nikamwambia, "Kimbia."

Nilibaki na kamba pale kwenye ngazi. Kutoka pale niliuona mlango, ila sikusikia neno, mto ulikuwa unanguruma. Nilimwona anabisha. Nilimwona anaweka mdomo kwenye ufa, anasema, anasikiliza, anasema tena. Akaupiga kwa ngumi, akaupiga kwa bega. Milango ya Mtaa wa Chini ilichongwa enzi za majambazi, mbao za msonobari unene wa kiganja, na komeo la ndani halikubali bega la mwalimu wa chekechea. Dirisha lilikuwa na mbao pia. Maji yakampanda kiunoni. Nyuma yangu mtoto mdogo kuliko wote akateleza, akazama mzima, nikamnyanyua kwa nywele.

Nikapiga ukelele, "Cuizhen! Njoo! Unataka wafe kumi na mmoja?"

Akageuka kunitazama. Akageukia mlango. Kisha akaja.

Tulipanda na watoto kumi na mmoja wazima. Kabla ya saa sita mchana Mtaa wa Chini ulikuwa umefunikwa mpaka kwenye mapaa, na jioni maji yakarudi mtoni kwake kana kwamba hayakufanya kitu. Yulian alivuka kesho yake asubuhi. Wanaume walikata mlango kwa shoka, kwa sababu komeo lilikuwa bado limeshuka na mbao zimevimba, ufunguo haukuzunguka. Maodou alikuwa juu ya kasha la mpunga, amejikunja pembeni. Alipanda hadi pale alipoweza.

Yulian hakulia mara moja. Alimfuata Mwalimu Ruan pale ukumbini, mbele ya watu wote, akamshika mikono miwili.

"Wanasema ulikwenda kwangu."

"Nilikwenda."

"Ulibisha?"

"Nilibisha."

"Hakuitika?"

Mwalimu Ruan alinitazama. Nakumbuka jicho lile mpaka leo. Kisha akasema, "Hakuitika."

Yulian akajipiga paji la uso kwa kiganja. "Ni dawa," alisema. "Ni ile dawa ya kikohozi. Imeandikwa kijiko kimoja, nikampa viwili, nikasema alale nisikawie sokoni. Hakukusikia. Mimi ndiye niliyemlaza."

Pale pale Mwalimu angeweza kusema. Mdomo ulifunguka, nikauona. Ukafungwa.

Siku ya tatu alikuja jikoni kwangu, akakaa mbele ya jiko bila kuvua koti lililolowa. "Aliitika, dada," akasema.

"Nani?"

"Aliitika. Alikuwa macho. Nikamwambia, Maodou, fungua, ni mimi Mwalimu. Akacheka. Akaniimbia wimbo wote, mpaka mwisho. Nikamwambia mchezo umekwisha mwanangu, maji yanakuja, ni mimi kweli. Akasema, 'Hata mbweha anasema hivyo.' Nikajaribu sauti ya mama yake. Nikajaribu yako. Kila nilivyozidi ndivyo alivyozidi kujua kwamba ni mbweha. Kisha wewe ukaita." Akatazama moto wa jiko. "Nilimwambia mtu wa kweli haondoki. Nami nikaondoka. Amekufa anajua kwamba alinishinda."

Husemwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Maodou alisikia. Alisikia kila neno, na akalifuata kuliko watoto wote niliowahi kuwapakulia uji.

Sasa nitasema langu. Mimi ndiye niliyemwambia anyamaze. Nilisema, "Maneno haya hayafufui mtu. Ukiyasema, watakupiga mawe, na hao wengine kumi na mmoja nani atawafundisha? Yulian ameshapata wa kumlaumu."

"Anajilaumu yeye!"

"Basi ni mama, atajisamehe. Wewe hatakusamehe." Hivyo ndivyo nilivyosema, nikamimina chai, na nilijiona mtu mwenye akili. Naona haya hata kulisema.

Aliendelea kufundisha, lakini wanyama wake walikufa. Maksai, kunguru na chura wote walizungumza kwa sauti moja, kavu, ya mtu anayesoma tangazo. Watoto wapya hawakujua walichokosa. Hakubisha hodi tena kwenye mlango wa mtu. Alisimama nje, kwenye jua au theluji, mpaka mtu atoke amkute, na watu wakamwona mwenye maringo. Mlango wake mwenyewe haukufungwa, hata mwezi wa kumi na mbili, na paka wa mtaa mzima walilala kitandani kwake.

Nyama ya kuku aliacha kuila. Siku moja ya mvua nilimkuta uani kwangu, amechuchumaa mbele ya kuku wangu mwekundu, anamwambia kwa upole, "Sikuondoka kwa kuchoka." Kuku akainamisha kichwa upande mmoja, wanavyofanya, akamtazama kwa jicho moja. Mwalimu akangoja kama anayesubiri jibu. Nikamwambia, "Mwalimu, ingia ndani, utaugua." Akanijibu, "Ngoja amalize." Nikarudi jikoni na kugombana na sufuria.

Na liko jambo la mwaka wa tano baada ya maji, ambalo nililiona mwenyewe na sijanywa hata tone. Mbweha alishuka kutoka mlimani mchana kweupe. Tulitoka shuleni mimi na Mwalimu, tukamwona Mtaa wa Chini, mwekundu, mwenye mkia ulionyonyoka manyoya, amekaa kwenye kizingiti cha Yulian. Mbwa walimbwekea, hakutikisika. Watoto walimrushia magunzi ya mahindi, hakutikisika. Alikaa pale mpaka Yulian aliporudi na kapu lake mgongoni, ndipo akanyanyuka, akapita taratibu ukutani, akaenda zake.

"Umeona?" Mwalimu aliniuliza. "Amesubiri mpaka mama karudi."

"Ni mgonjwa yule. Wanyama wagonjwa hawaogopi watu."

"Mbweha amekaa, dada. Aliyeondoka ni mimi."

Baada ya hapo alianza kusikia ule wimbo. Akisema hivyo nilimkatisha. Mvua ikipiga mapaa, alisema, unatoka kwenye pipa la maji, kwenye chungu kilichofunikwa, kwenye kitu chochote chenye kifuniko. Nilimwona akifunua vyungu vyangu kimoja kimoja.

Na Yulian? Hakujisamehe. Nilikosea hapo kama nilivyokosea pengine pote. Mumewe alishuka kusini, akarudi mara mbili, kisha hakurudi. Mtoto mwingine hakupata. Lililonitisha zaidi ni kwamba aliapa mkono wake hautagusa dawa. Jino lilimwoza mpaka shavu likawa kama kiazi, akasukutua maji ya chumvi. Homa zilimpata, akazilalia. Watu walimwona mshupavu. Mimi na Mwalimu tulijua anachofanya, anajihukumu kila siku kwa kosa ambalo halikumuua mtoto. Siri ya mtungi aijuaye kata, na sisi tulikuwa kata mbili zilizonyamaza.

Mwaka wa Mbwa, miaka ishirini na mitatu baada ya maji, Yulian alianguka sokoni. Nusu ya uso wake ilishuka kwa siku mbili, kisha ikarudi. Daktari akasema ni shinikizo la damu, akampa vidonge vya kumeza kila asubuhi. Akavirudisha mezani. "Mpe mwingine," akasema.

Habari ile nilimpelekea Mwalimu Ruan, ambaye sasa alikuwa amestaafu kama mimi. Alikuwa anamenya maharage.

"Anakufa kwa uongo wangu," akasema.

"Anakufa kwa ukaidi wake."

"Dada Qin, mimi na wewe tumezeeka. Mpaka lini utanipikia maneno?"

Na hata hivyo hakwenda. Alivaa viatu, akafika juu ya ngazi za Mtaa wa Chini, akasimama, akarudi. Alifanya hivyo siku nyingi mfululizo. Nilimhurumia na nilimkasirikia, na nilishukuru kila aliporudi, kwa sababu aibu ile ilikuwa yangu pia.

Ndipo likaja tangazo. Mtaa wa Chini wote utabomolewa, watu wahamie nyumba mpya za juu, zenye ngazi za saruji, ambako mto hautawafikia. Watu walishangilia. Yulian hakushangilia. Alikuja mwenyewe nyumbani kwa Mwalimu Ruan, akaingia bila hodi kwa kuwa mlango ulikuwa wazi. Mimi nilikuwapo. Mguu wake mmoja ulikuwa mzito.

"Mwalimu, nimekuja kukuomba. Ijumaa wanaangusha nyumba. Mwanangu bado yumo. Nimemwita kila mwaka atoke, hatoki."

Kwetu roho ya mtoto huitwa hivi: mmoja anasimama nje na nguo yake, anamwita kwa jina, na mwingine anakaa ndani, mlango umefungwa, anaitika kwa niaba yake, "Nakuja." Mara tatu. Kisha aliye ndani anafungua na kutoka, na roho inatoka pamoja naye. Na sharti, wazee wanasema, ni kwamba anayeita awe mtu wa mwisho aliyemwita mtoto akiwa hai.

"Wa mwisho ni wewe," Yulian alisema. "Hata kama hakukusikia. Mimi nitakaa ndani nimwitikie. Njoo kesho ukungu ukiondoka."

Mwalimu Ruan alifungua mdomo. Nikajua ndiyo sasa. Lakini alisema tu, "Nitakuja," na Yulian akainama kumshukuru. Akamshukuru! Nilitoka nje kwa sababu sikuweza kuitazama shukrani ile.

Asubuhi tulishuka. Mtaa ulikuwa mtupu, wengi wameshahama, milango imeng'olewa. Ule wa Yulian ulikuwepo, mpya kuliko nyumba, kwa kuwa wa kwanza ulikatwa kwa shoka. Alimpa Mwalimu kijikoti cha pamba chenye vifungo vya kitambaa, akaingia, nikasikia komeo likishuka. Nikarusha mchele kizingitini, kama mila inavyotaka.

Mwalimu Ruan akaita. "Maodou, toka, twende nyumba mpya."

"Nakuja," Yulian akaitika ndani. Sauti ya mwanamke wa miaka hamsini na kitu, imekwaruzika.

"Maodou, toka, twende nyumba mpya."

"Nakuja."

Mara ya tatu haikuja. Mwalimu alikuwa amekishika kile kijikoti kwa mikono miwili. Nikamnong'oneza, "Malizia." Akatikisa kichwa. Akapiga magoti, akaweka mdomo wake kwenye ufa wa mlango, mahali pale pale.

"Usimwitikie, Yulian," akasema. "Mwenyewe aliitika."

Ndani nikasikia mguu mzito ukiburuta sakafuni.

"Siku ile aliitika. Nilikudanganya. Hakuwa amelala. Dawa yako haikumlaza. Alikuwa macho na alinisikia vizuri, akakataa kufungua kwa sababu mimi nilimfundisha kwamba mbweha atakuja na sauti yangu. Nilibisha mpaka maji yakafika hapa, kisha nikaondoka. Hukumuua wewe. Ni mimi."

Nilingoja yowe. Nilingoja komeo linyanyuke na Yulian atoke na kitu kizito mkononi. Muda ulipita mpaka nikafikiri ameanguka tena.

"Alisema nini?" Yulian aliuliza. Sauti ilikuwa karibu sana, chini, kana kwamba na yeye amepiga magoti upande wa pili.

"Aliimba ule wimbo wa kifaranga."

"Sema alivyosema."

Mwalimu akaanza, "Mama ana ufunguo..."

"Si hivyo. Sema alivyosema yeye."

Miaka ishirini na mitatu Mwalimu Ruan hakuwa ameiga sauti ya kiumbe yeyote. Alifumba macho. Alipofungua mdomo, aliyetoka ni Maodou. Sisemi ilifanana, nasema alikuwa yeye. Nilimpakulia mtoto yule uji miaka miwili na namjua. Aliimba mstari wa kwanza na wa pili kwa madaha, kwenye wa tatu akakohoa, kikohozi kidogo cha kifua, akameza mate, akamalizia. Kisha akacheka.

Nikaushika ukuta.

"Alikohoa," Yulian alisema.

"Alikohoa."

"Basi alikuwa macho."

"Alikuwa macho, Yulian."

"Na alicheka? Hakuwa na hofu?"

"Wakati ule hakuwa na hofu. Alidhani ameshinda. Baadaye sijui. Sikuwepo."

Ndipo yowe likaja, na lilipokuja lilikuwa la miaka yote ile, nami nililia pia, bila haya, pale penye mchele. Lilipokwisha, komeo likanyanyuka. Yulian alitoka akijishika mlangoni, uso umelowa. Hakumtazama Mwalimu. Alinitazama mimi kwanza.

"Shangazi Qin, ulijua?"

"Nilijua," nikasema. "Mimi ndiye niliyemwambia anyamaze."

"Miaka ishirini na mitatu umekuwa ukiniletea mboga za chumvi kila sikukuu, na unajua?"

"Ndiyo."

"Toka mbele ya mlango wangu."

Nilitoka. Sikuwa na haki ya kuomba lolote. Mwalimu Ruan naye akainuka anifuate, ameinamisha kichwa, amemnyooshea Yulian kijikoti. Yulian hakukipokea. Alimshika kifundo cha mkono, kwa nguvu, nikaona ngozi inavyobonyea.

"Wewe huendi popote," akamwambia. "Safari hii utakaa." Akajishusha kwenye kizingiti, akamvuta wakaa pamoja. "Rudia."

Nilipanda ngazi taratibu, umri umenipata. Nyuma yangu nilimsikia mtoto akiimba, akikohoa, akimalizia, akicheka. Kisha Yulian anasema, "Tena." Sikugeuka. Nilifika juu kabisa, kwenye saruji mpya, na bado nilikuwa nawasikia, na kila wimbo ulipokwisha ilikuwa ni neno lile lile moja.